Kuomba hifadhi kwa sababu ya dini: mwongozo kwa watu wa Unguja na Pemba

Kuna wenzetu hapa visiwani wanaandamwa kwa sababu ya dini na hawana wa kumuuliza. Mmoja katoka kwenye Uislamu kaingia Ukristo na nyumbani washajua, mwengine ni Mkristo wa kuzaliwa anafuatwa mpaka mlangoni, mwengine ni Muislamu lakini kafuata madhehebu ambayo ukoo wake hawataki hata kuyasikia, mwengine ni shehe anasumbuliwa na serikali kwa anayoyasema msikitini. Wote hawa naandika kwa ajili yao. Mimi ni Muislamu wa Unguja, nasali, na sioni kwa nini nimwache mtu anapigwa eti kwa sababu imani yake siyo yangu. Mimi si loya, kazi yangu ni kukaa na watu na kuwasaidia kuandika maelezo yao, kwa hiyo haya yachukue kama ya kukutayarisha kabla hujafika kwa loya.

Na nakwambia mapema kabisa ili usije ukashtuka huko mbele: kwa Mzanzibari, kesi nyingi za dini zinasimama au zinaanguka kwenye swali moja, kwa nini hukuhamia Bara? Ntalifikia na ntakaa nalo.

Kwanza, jua kama kesi yako ni ya ukimbizi

Sheria yenyewe inatoka kwenye Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 na nyongeza yake ya 1967. Mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake, ana khofu ya msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi au kabila, dini, uraia, kundi la kijamii au maoni ya siasa, na serikali yake haiwezi au haitaki kumlinda. Soma tena hapo kwenye "nje ya nchi yake". Ukipanda boti ukaenda Dar bado uko Tanzania, wewe si mkimbizi bado, hata kama umekimbia na nguo moja. Na ubalozi wa Uingereza au Marekani pale Dar haupokei maombi ya hifadhi, watu wanakwenda wanakaa nje siku nzima wanarudi, usipoteze nauli.

Halafu kuna tofauti ya karaha na mateso. Kutukanwa, kususiwa kwenye shughuli, baba kukwambia usikanyage kwangu, hayo yanauma, wallahi yanauma, lakini peke yake mara nyingi hayafiki. Ramadhani ya 2024 polisi walikamata watu kwa kula hadharani mchana, viongozi wa makanisa wakalalamika, na kweli ni jambo la kulalamikia, ila mtu aliyekamatwa siku moja akaachiwa akienda na hilo tu atakataliwa. Maofisa wanaoamua maombi wanaangalia vitu vizito: kupigwa, kutishiwa kuuawa na mtu anayeweza kweli kuua, kufungwa, kuozeshwa kwa nguvu, kunyang'anywa watoto. Au vitu vidogo vingi ambavyo ukivijumlisha mtu hawezi tena kuishi, kazi umefukuzwa, duka limevunjwa, nyumba umetolewa, watoto skuli wanapigwa.

Anayekutesa si lazima awe serikali. Anaweza kuwa mjomba wako, vijana wa mtaani, mtu yeyote, lakini hapo lazima uonyeshe kwamba polisi hawakukulinda au hawawezi. Maofisa hao watakwambia Katiba ya Muungano ibara ya 19 na Katiba ya Zanzibar ya 1984 zote zinatoa uhuru wa dini, na ni kweli zinatoa. Usibishane na katiba. Wewe onyesha nini kilitokea ulipokwenda kituoni.

Khabari za jumla zinasaidia kidogo tu. Kila anayeomba anaandika kuhusu makanisa yaliyochomwa 2012, Padri Evarist Mushi aliyepigwa risasi Mtoni Februari 2013, Sheikh Fadhil Soraga aliyemwagiwa tindikali Novemba 2012. Ni matukio ya kweli na yaweke, yanaonyesha kwamba hatari ilishawahi kumfika mtu wa dini huku kwetu, tena Padri na Shehe. Lakini ofisa anayesoma faili atauliza na wewe je, jina lako limeingia wapi? Kama jibu hulina, hizo khabari zinabaki khabari.

Na jengine, kwetu dini na siasa zimeshikana. Masheikh wa Uamsho, ile jumuiya ya Kiislamu ya hapa Zanzibar, walikaa mahabusu miaka mingi mpaka Juni 2021 mashtaka yalipofutwa, sasa hiyo ni dini au siasa? Huna haja ya kuchagua. Fomu ya kuomba hifadhi Marekani, I-589, ina visanduku vya kutia alama kimoja kimoja, dini chake, siasa chake, kundi la kijamii chake, na unaruhusiwa kutia zaidi ya kimoja kama ni kweli. Mwanamke aliyebadili dini na anataka kuozeshwa kwa nguvu ana dini na ana kundi la kijamii pia. Mtu anatia alama kimoja tu kwa uoga, kumbe kile alichokiacha ndicho kingemuokoa.

Pili, kusanya ushahidi ukiwa bado upo, lakini roho yako kwanza

Kama kuna mtu kakwambia leo usiku tunakuja, toka. Ushahidi utatafutwa baadaye. Ila kama bado una nafasi ya kupumua, fanya haya taratibu bila kumwambia kila mtu.

Nenda polisi upate namba ya RB, ile ya kuonyesha umeripoti. Najua unasema polisi mwenyewe ni binamu yake yule aliyenipiga, sawa, nenda kituo chengine, na kama hata huko ni hatari basi usiende lakini andika kwenye daftari kwa nini hukwenda, tarehe, nani yupo pale kituoni, nani aliyekwambia nini. "Nilikwenda wakanikatalia" na "sikwenda kwa sababu hii na hii" vyote vinakubalika. Kinachoua kesi ni "sikwenda, sijui tu".

Umepigwa, chukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kabla ya kwenda hospitali na ukimaliza kutibiwa omba kopi. Kadi ya hospitali usitupe. Piga picha majeraha mchana kwenye mwanga, uso uonekane kwenye angalau picha moja, mana picha ya mkono peke yake ni mkono wa nani?

Voisi za watsapu ni dhahabu. Usitume tu skrini shoti, hifadhi mazungumzo yote na namba ya simu ionekane, na ile simu yenyewe usiiuze. Tuma kila kitu kwenye imeili mpya ambayo nyumbani hawaijui halafu futa kwenye simu, khasa kama simu yako inashikwa na kaka au mume. Nshaona dada mmoja kesi yake ilikuwa na kila kitu, mumewe akafungua simu akaiona folda, yaliyomfika sitaki kuyaandika hapa.

Barua ya sheha inasaidia kuonyesha unakaa wapi na ulihama lini, ila sheha ni mtu wa mtaani na maneno yanatoka, kwa hiyo kama kumwambia sababu ni hatari muombe barua ya ukaazi tu, ya kawaida kabisa. Chukua na ZanID, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto. Kama kuna kesi Mahakama ya Kadhi ya talaka, mirathi au malezi ya watoto na dini yako imetajwa humo, kopi ya karatasi hizo ni ushahidi mkubwa sana kwa sababu umetoka kwa mtu asiyekupendelea.

Barua ya mchungaji au padri: asiandike kwamba wewe ni mtu mwema. Aandike kakujua lini, uliletwa na nani, ulifundishwa kwa muda gani, ulibatizwa tarehe ngapi, unakuja mara ngapi kwa mwezi, na nini alikiona yeye kwa macho yake. Ukiwa Uingereza majaji wanapenda mchungaji wa kanisa la huko unakosali aje mwenyewe mahakamani aulizwe, barua peke yake haina uzito huo.

Msaada hapa nyumbani upo. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo tangu 1992 na kuna wasaidizi wa sheria mitaani Unguja na Pemba. Wanaweza kukusaidia kwenye mambo ya polisi, ndoa, watoto. Hata kama mwisho utaondoka, barua ya kwamba ulijaribu njia za hapa inaingia kwenye faili.

Tatu, wapi

Hapa watu wetu wanafanya haraka. Ndugu yuko Maskati, tikiti inapatikana, basi nakwenda Oman. Sikiliza, Oman, Falme za Kiarabu, Saudia, Qatar na Kuwait hazijajiunga na Mkataba wa 1951. Huwezi kwenda polisi wa Maskati ukasema naomba hifadhi kwa sababu nimetoka kwenye Uislamu, utakuwa umejitia kwenye hatari kubwa kuliko uliyoikimbia. Kama ni pa kupumua wiki mbili wakati unapanga safari, hilo lako, ila usilitaje kwa mtu.

Kenya ndo karibu. Mtanzania haingii kwa viza, unapita Horohoro ukiwa na pasi yako, na sheria yao ya wakimbizi ya 2021 inataka ujitokeze kwa Idara ya Huduma za Wakimbizi ndani ya siku 30. Sisi tuna historia na njia hiyo. Baada ya mauaji ya Januari 2001 zaidi ya watu 2,000 wa Pemba walivuka kwa vyombo mpaka Shimoni, wakapelekwa Dadaab, wengi wao wakarudi baadaye. Ile ilikuwa siasa, siyo dini, ila inaonyesha Kenya inawapokea Wazanzibari na inaonyesha pia kwamba maisha yanaweza kuwa ya kambini, na kambi ni kambi. Usivuke usiku na mashua ndogo wakati wa kusi kama njia ya barabara ipo. Ukipata matatizo mpakani, jua kwamba mkataba ibara ya 33 unakataza kumrudisha mtu kwenye hatari, na ibara ya 31 inasema asiadhibiwe kwa kuingia bila karatasi aliyetoka moja kwa moja kwenye hatari akajitokeza bila kuchelewa. Bila kuchelewa, shika hapo.

Ulaya: nchi iliyokupa viza ya Shengeni ndiyo kwa kawaida inayoshughulikia ombi lako. Wengi wetu tunapata viza ya Italia kwa sababu ya mambo ya hoteli na watalii, halafu mtu anakwenda kuomba Ujerumani kwa kuwa kaka yuko huko, wanaangalia viza na alama za vidole, wanaweza kuamua arudishwe Italia.

Marekani: una mwaka mmoja tangu ulipoingia kuwasilisha I-589. Ukipitisha mwaka unahitaji sababu nzito sana. Zamani ilikuwa bure, tangu Julai 2025 kuna ada ya dola 100 na nyengine ya kila mwaka wakati unasubiri, na mambo mengi yanabadilishwa, kwa hiyo mtu asikupe ushauri wa miaka mitano nyuma. Serikali haikulipii loya, itabidi utafute mashirika ya msaada.

Uingereza: sema uwanjani pale pale unapofika, au kama ushaingia piga simu upate apointimenti, wengi wanaitwa Croydon, jengo linaitwa Lunar House. Ukiingia kwa viza ya matembezi ukakaa miezi minane ndo unajitokeza siku ulipokamatwa kazini, sheria yao inawaruhusu kuhesabu kuchelewa huko kama alama ya kwamba husemi kweli. Loya wa msaada wa serikali yupo kwa mtu asiye na pesa, mtafute kabla ya intavyuu kubwa.

Na popote unapokwenda, kile ulichoandika kwenye fomu ya viza wanakiona. Kama uliandika hujaolewa na sasa unasema unamkimbia mume, lieleze wewe kwanza kabla hawajakuuliza.

Nne, kwa nini hukuhamia Bara

Sasa tufike. Ofisa atakwambia hivi: Tanzania ina mamilioni ya Wakristo na mamilioni ya Waislamu wa kila madhehebu, Dar ni masaa mawili kwa boti, kuna Mwanza, kuna Arusha, kuna Mbeya, kwa nini usiishi huko? Na kusema kweli ni swali la haki. Watu wetu wanalijibu kwa "sina ndugu huko" na faili linafungwa hapo hapo.

Sheria inauliza mambo mawili. Je huko utakuwa salama, na je ni haki kukutaka uishi huko. Jibu yote mawili, kwa mambo yako.

Salama: nani anakutafuta na mkono wake unafika wapi? Kama ni baba mzee wa Konde ambaye hajawahi kuvuka bahari, itakuwa vigumu. Kama ni ukoo wenye maduka Kariakoo, wajomba Temeke, shemeji bandarini anayeona majina ya abiria, andika hayo, majina, biashara, mitaa. Kama ulishajaribu kuhamia Dar wakakufata, hiyo ndiyo nguzo ya kesi yako, iweke mbele kabisa, lini ulihama, ulikaa kwa nani, walikupata vipi, nani aliyewaambia. Watu wengi hili jambo wanalitaja mwisho kabisa, kama kitu kidogo, wakati ndicho chenye uzito kuliko vyote. Na kama anayekuandama ni serikali, kumbuka Jeshi la Polisi ni la Muungano, ni jeshi hilo hilo moja toka Wete mpaka Songea, kwa hiyo kuhama hakubadilishi kitu na loya wako atalisema hilo.

Haki: mwanamke na watoto wawili bila kazi bila ndugu, mgonjwa anayehitaji dawa, mtu asiyejua kuishi popote isipokuwa kijijini kwao, haya yanahesabiwa. Kuishi kwa shida kama Watanzania wengine wanavyoishi kwa shida, hilo halihesabiwi sana.

Na wakikwambia nenda Dar ukae kimya, sali ndani, usimwambie mtu? Hapo usikubali. Mahakama ya Umoja wa Ulaya tarehe 5 Septemba 2012, kwenye kesi ya Waahmadiyya wawili wa Pakistan walioomba hifadhi Ujerumani, ilisema mtu hawezi kutakiwa aache kuonyesha dini yake ili asiteswe. Uingereza nayo mahakama yao ya juu ina msimamo kama huo, kama unaificha imani kwa sababu unaogopa, huko kuogopa kwenyewe ni sehemu ya kesi yako. Lakini ofisa atauliza wewe ni mtu wa namna gani, unaficha kwa khofu au kwa sababu dini yako huipeleki mbele ya watu kwa tabia yako tu. Jibu kweli. Kuna mtu anasali peke yake na roho yake imetulia hivo, na kuna mtu asipokwenda ibada anaumwa.

Kama uliishi Dar miaka miwili vizuri, ukafanya kazi, ukasali, hakuna aliyekugusa, basi nakwambia kwa mapenzi kabisa kesi yako ni dhaifu na loya mkweli atakwambia hivo hivo.

Tano, maelezo yako

Usinunue stori. Kule kwenye magrupu ya watsapu kuna watu wanauza, wanaita kujilipua, unampa pesa anakuandikia kwamba ulichomewa nyumba Kiembesamaki. Maofisa wanayasoma maelezo ya aina hiyo mpaka wanajua aya inayofuata. Uingereza wana utaratibu wa kurekodi sauti ya mtu na kuipeleka kwa wataalamu wa lugha kuona anatoka wapi kweli, wenzetu waliojifanya Wabajuni wa Somalia wameumbuka hivo. Na uongo mmoja ukikamatwa hata yale ya kweli yote hayaaminiki tena.

Maelezo dhaifu yanasema: "Watu wa mtaani walinitesa sana kwa sababu ya dini yangu mpya na polisi hawakunisaidia." Mtu yeyote duniani anaweza kuandika hivo. Maelezo yenye nguvu yanakwenda namna hii: "Ijumaa baada ya magharibi nilikuwa nafunga duka Mwanakwerekwe. Akaja mjomba wangu na vijana wawili, mmoja namjua tulisoma pamoja. Mjomba akaniuliza ni kweli unaingia kanisani? Nikanyamaza. Yule kijana akanipiga na mti wa mwiko wa pilau tuliokuwa tunauza, kwenye mkono wa kushoto, mara mbili. Jirani muuza vitambaa akafunga mlango wake." Unaona huyo jirani aliyefunga mlango? Mtu wa kutunga stori hamkumbuki.

Sasa tarehe na saa, hapa ndipo Waswahili tunakwama kuliko kwengine kote. Wewe unasema walikuja saa mbili usiku, mkalimani aliyechoka anaandika saa mbili kama ilivyo, kwa Mzungu hiyo ni usiku wa manane kabisa. Intavyuu ya pili unasema nilikuwa nimetoka kusali isha tu wakaja, ofisa anafungua faili, mwanzo ulisema usiku wa manane sasa unasema mapema usiku, umedanganya. Kwa hiyo kila saa unayoitaja ifunge kwenye kitu: walikuja saa mbili usiku kwa saa za kwetu, karibu masaa mawili baada ya jua kuzama. Na muombe mkalimani arudie alichoandika.

Tarehe vile vile. Mtu anakumbuka ilikuwa Mfungo Sita, siku za maulidi, au kumi la mwisho la Ramadhani, anaulizwa mwezi wa ngapi anakisia Juni. Usikisie. Sema nakumbuka ilikuwa Ramadhani ya 2023, halafu mkae na kalenda muone ilianza mwishoni mwa Machi. Ni bora kusema "sikumbuki tarehe lakini ilikuwa wiki moja baada ya idi" kuliko kutaja tarehe ya kubuni ambayo utaisahau.

Andika yote kwa Kiswahili kwanza, Kiswahili chako cha nyumbani, mpe loya atafsiri na akusomee tena kwa Kiswahili kabla hujasaini. Karatasi usiyoielewa usiisaini hata kama wana haraka.

Sita, intavyuu

Kuna ndogo ya mwanzo, alama za vidole, picha, ulipita wapi, kwa nini umekuja kwa ufupi. Fupi lakini inarekodiwa, na watakuja kuilinganisha na ile kubwa. Usiseme nimekuja kutafuta maisha halafu baadaye useme dini. Sema kwa ufupi: nimeondoka kwa sababu ya dini yangu, nimepigwa, nikirudi nitauawa, maelezo kamili nitatoa.

Kubwa inaweza kuchukua masaa. Una haki ya kuomba mkalimani na ofisa mwanamke kama mambo yako ni ya kike. Kama mkalimani ni mtu wa kwetu na unakhofia maneno yatafika nyumbani, sema mwanzo kabisa, pale pale, usimalize ndo ulalamike. Na kama mnapishana Kiswahili, yeye wa Goma wewe wa Micheweni, sema pia.

Kwenye dini watakuuliza. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilitoa mwongozo Aprili 2004 kuhusu kesi za dini, unasema dini inaweza kuwa imani, au utambulisho wa mtu na jamii yake, au namna ya maisha, na kwamba kumfanyia mtu mtihani wa maarifa hakutoshi kujua kama anaamini. Pamoja na hivo maofisa wengine bado wanauliza taja amri kumi, taja mitume. Zile za msingi zijue, siyo kwa kukariri, kwa kusoma kitabu chako. Ila muhimu zaidi ni yale ambayo hayamo kitabuni: nini kilikuvuta, nani alikusomea mara ya kwanza, mlikutana wapi ili watu wasione, siku ya kwanza ulipoingia kanisani pale Minara Miwili ulikaa upande gani, uliogopa nini, nini umekikosa tangu utoke kwenye dini ya wazazi wako. Mtu aliyeacha Uislamu akasema hakumisi chochote, hata futari nyumbani kwa mama, mimi mwenyewe ningemtilia shaka.

Kama umebadili dini ukiwa tayari huko ugenini, jua wataangalia kwa makini zaidi, wanataka kuona maisha: unakwenda ibada toka lini, unafanya nini pale, kama ulianza wiki moja kabla ya kuomba wataona.

Uingereza kwa maombi ya tangu 28 Juni 2022 wanapima kwanza kama kuna uwezekano zaidi ya nusu kwamba wewe kweli ni wa imani hiyo na kweli unaogopa, halafu ndo wanaangalia hatari ukirudi, na hapo kipimo ni cha chini zaidi. Kwa hiyo imani yako yenyewe inatakiwa ithibitishwe vizuri, siyo hatari tu.

Ukilia, lia. Omba maji, omba dakika tano. Hawapunguzi alama kwa machozi.

Saba, wakati wa kusubiri na kama wakikataa

Kusubiri kunaweza kuwa miezi, kunaweza kuwa miaka. Uingereza ruhusa ya kuomba kufanya kazi inakuja baada ya miezi 12 na ni kazi maalumu tu. Usiende ubalozi wa Tanzania kurefusha pasi, usiende nyumbani kwenye msiba hata wa mama, najua ninachokisema ni kizito, lakini ukirudi kwa hiari umejibu mwenyewe kwamba huogopi. Hata ukishapewa hifadhi, hati ya kusafiria ya mkimbizi haikupeleki Tanzania. Usiposti. Hata picha ya kanisani, hata bila jina, Zanzibar ndogo, itafika kwa shangazi kabla ya isha na wanaobaki nyumbani ndio watakaoulizwa.

Kuhusu mke, mume na watoto, uliza loya wiki hiyo hiyo, mana sheria zinageuka. Uingereza ilisimamisha maombi mapya ya familia za wakimbizi Septemba 2025. Marekani aliyepewa hifadhi ana miaka miwili kuwasilisha fomu ya familia yake.

Ukihama nyumba wape anwani mpya kwa maandishi. Barua ya kukataliwa ikipelekwa kwenye anwani ya zamani muda unahesabiwa tu. Uingereza una siku 14 kukata rufaa kwa jaji, na siku 14 za mtu anayetafuta loya ni chache sana, kwa hiyo barua ikifika siku hiyo hiyo mpigie. Isome yote hata kama roho inakuuma, tafuta sehemu wanayosema hawakuamini na sehemu wanayosema ungeweza kuishi Dar, ni vitu viwili tofauti na vinajibiwa tofauti. Wakisema wamekuamini lakini Dar ni salama, basi msipoteze muda kuleta tena cheti cha ubatizo, leteni ushahidi wa wale wajomba wa Temeke: picha ya duka, leseni, meseji ya mtu aliyekuona Kariakoo akakutaja nyumbani, barua ya mwenye nyumba uliyekaa kwake siku walipokuja kukuulizia.